Yatokanayo

Ukutani mapokezi, juu ya kichwa cha askari,
wameitundika methali katika fremu ya dhahabu:
Mali bila daftari huisha bila habari.
Daftari ni mimi.
Nyevu binti Jefwa, katibu wa bodi,
mwaka wa tisa, kiti cha pembeni,
chini ya feni inayopeperusha karatasi zangu
na kuwaachia wakubwa jasho lao.

Kampuni ni kubwa. Chumvi yetu
imo katika kila sufuria toka hapa hadi Kitale.
Mabwawa yako Gongoni, ofisi iko Malindi,
na katikati pana mwendo wa nusu saa
ambao wakurugenzi wengine hawajawahi kuumaliza.

Kikao cha Machi. Akidi ilitimia.
Ajenda ya sita, ununuzi:
gambuti jozi mia tatu na arobaini,
zimelipiwa, zimepokelewa, stakabadhi hii hapa.
Bwana Kadenge, mkaguzi wa ndani,
mtu wa sauti ndogo, asiyemaliza hata soda yake,
akauliza:
"Zimepokelewa na miguu ya nani?"

Kijiko kiligonga kikombe.
Akaeleza kwamba alikwenda mwenyewe alfajiri,
akasimama penye lango akihesabu miguu, si watu.
Pekupeku. Pekupeku. Pekupeku.
Dama Kombe alimwinulia unyayo:
ufa unaomeza shilingi ikasimama wima.
"Chumvi haina adabu," alimwambia,
"huingia bila hodi."
Kisha Kadenge akafunua ukurasa wa mwisho.
Muuza gambuti ana jina refu la Kizungu
na sanduku la posta moja na la mwenyekiti.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa tai,
akanitazama mimi, si Kadenge:
"Hilo usiliandike, mwanangu."

Mwanangu!
Miaka tisa nilikuwa "wewe katibu."

Nilikuwa nimeshaandika.

Usiku, nyumbani Barani, umeme umekatika,
nikakaa na nakala mbele ya taa ya simu.
Kufuta ni mstari mmoja tu.
Nikawaza karo ya Kahaso, mkopo wa mabati.
Nikawaza lugha yetu nayo ilivyo na hila:
kumbukumbu ni hizi za kikao,
na kumbukumbu ni kile kinachobaki kichwani
taa ikizimwa. Jina ni moja.
Ukikwangua hii, ile inatoka damu.
Sikuwa shujaa. Niliufuta mstari mara mbili,
mara mbili nikaurudisha,
kisha simu ikaisha chaji, nikalala.

Kikao cha Juni. Kuthibitisha kumbukumbu.
Nilizituma wiki mbili kabla; hakuna aliyefungua.
Nikasoma kwa sauti ileile ya kusomea bei ya magunia.
Nilipofika kwenye gambuti
mwenyekiti aliinua uso toka kwenye simu, polepole,
kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa sokoni,
na kabla hajakohoa,
Bwana Mselemu, aliyesinzia tangu dua ya kufungulia,
akazinduka kwa mazoea ya miaka kumi na miwili:
"Napendekeza zithibitishwe."
Na Bi Olwenyi, mwenye ndege ya saa tisa:
"Naunga mkono."

Ndivyo ukweli ulivyopita mlangoni petu,
umeshikwa mkono huu na usingizi, huu na haraka.
Nikasukuma karatasi. Mwenyekiti akatia sahihi;
kalamu ikajikwaa kwenye herufi ya mwisho.
Kadenge akamaliza soda yake.

Sasa ni Agosti. Gambuti hazijafika.
Kadenge wamemhamishia bohari ya Mariakani,
kuhesabu magunia matupu.
Zamu yangu sijui itakuwa lini.
Ila ajenda ya kikao kijacho naichapa mimi,
na chini ya Yatokanayo, namba moja,
nimeweka neno moja, kwa herufi nene:
Gambuti.